Majina Mengine Uliyowahi Kutumia

Ungeweza kulitaja jina la mama yako mbele ya mwanamume usiyemjua, mwenye bastola kiunoni, huku abiria wanakupita na mabegi yao wakikutazama kama mwizi wa kuku?

Usikimbilie kujibu. Kwenu pia mama huitwa kwa jina la mwanawe, lakini ukibanwa utalitaja lake na mambo yataisha. Alikotoka Muthana Naji, kwenye milima ya Ibb kule Yemen, mtoto wa kiume hulificha jina la mama yake kama anavyouficha uchi wake. Wenzake wakilipata watalipigia kelele njia nzima ya kisimani, na atapigana mpaka atoke damu. Hata akikua, akaoa, akahamia Dearborn kwenye baridi ya Marekani na kuota mvi, bado mama yake ni Hajja tu na mkewe ni "watu wa nyumbani". Kwa hiyo Muthana alipoulizwa swali lile, alinyamaza. Na kwenye uwanja wa ndege, kunyamaza nako huandikwa.

Muthana alikuwa baharia, lakini si wa bahari. Zaidi ya miaka ishirini alifanya kazi kwenye meli ndefu zinazobeba mawe ya chuma katika maziwa makubwa ya kaskazini. Majira ya baridi, maji yakiganda na meli zikafungwa, ndipo alipopata kupumua na kusafiri. Wenzake melini walimjua kuwa ni mtu asiyetishika. Mwezi wa Novemba mawimbi hupanda mpaka juu ya sitaha na kuganda hapohapo, na yeye ndiye aliyetoka na nyundo kuvunja barafu, kamba kiunoni, akiimba. Dhoruba aliielewa. Dhoruba haikuulizi wewe ni mtoto wa nani.

Safari hii alitaka kwenda Kairo. Mama yake alikuwa ametolewa kijijini na vita na maradhi, figo zote mbili zimechoka, amelazwa kwenye wodi ya watu wengi. Daktari aliwaambia jamaa waliomuuguza kwamba kama kuna mtoto wa kuja, aje sasa. Muthana akakata tiketi siku hiyohiyo.

Kusumbuliwa alikuwa amekuzoea. Kila akisafiri alivutwa pembeni, akapekuliwa mpaka kwenye soksi, akaulizwa anaswali wapi na nani. Alipouliza kwa nini yeye, aliulizwa kwa nini anauliza. Lakini zamani mwishowe walimwachia akapanda ndege. Siku ile mashine ilikataa kabisa kutoa pasi ya kupandia. Msichana wa kaunta akainua simu, akampa mgongo, akaongea kwa sauti ya chini. Wakaja wanaume wawili.

Mmoja alikuwa kijana mpole, aliyenyoa vizuri. Akaichukua barua ya hospitali ambayo Muthana mwenyewe aliitoa mfukoni, kwa moyo mweupe, wapate kuona kwamba anakwenda kwa mgonjwa.

"Unakwenda kumwona nani?"

"Mama yangu."

"Anaitwa nani?"

Ulimi ukafa. Aibu peke yake ingetosha kuufisha, lakini chini ya ile aibu kulikuwa na jambo zito zaidi. Muthana alikuwa na mama wawili, mmoja wa tumboni na mmoja wa kwenye makaratasi.

Baba yake mzazi, Saleh, alifariki Muthana akiwa kijana mdogo. Ami yake, Naji, mdogo wa marehemu, wakati huo alikuwa Dearborn akifunga milango kwenye magari yanayoundwa kiwandani, na alikuwa ameshapata uraia. Sheria ilimruhusu kumleta mwanawe upesi. Mtoto wa kaka ilikuwa asubiri mpaka azeeke. Naji akamwandika Muthana kuwa mwanawe. Sheria ingeliita jambo hilo uongo. Kijijini waliliita kulea yatima. Hawakuwa wa kwanza wala wa mwisho kufanya hivyo; mlango ulikuwa mwembamba, watu wakapita kiubavu. Muthana akakulia ndani ya jina lile, akaapa uraia kwa jina lile, akaoa na kuzaa kwa jina lile. Kwenye vitabu vya serikali mama yake ni mke wa Naji, mwanamke aliyekwisha kuzikwa zamani.

Mwishowe akalitaja jina la marehemu mke wa Naji, la kwenye makaratasi. Kijana mpole akatazama barua ya hospitali, akaona mgonjwa ana jina jingine, akamwonyesha mwenzake kwa kidole. Hakuna aliyefoka. Laiti wangefoka. Walimwambia kwa adabu kabisa kwamba leo hasafiri, wakampa kikaratasi chenye anwani ya mtandao ambako wasafiri wenye malalamiko hujieleza, kisha wakamtakia siku njema.

Nyumbani, binti yake Ibtihal, aliyekuwa chuo kikuu, aliifungua ile fomu kwenye kompyuta na kumsomea wakiwa wameketi zuliani. Jina kamili. Tarehe na mahali pa kuzaliwa. Urefu, uzito, rangi ya macho, rangi ya nywele. Unakaa wapi, simu yako ipi, tuma nakala ya pasipoti. Eleza kilichokupata, uwanja gani, siku gani. Kisha akasoma mstari ambao Muthana alimwomba aurudie: majina mengine uliyowahi kutumia. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, kwamba habari hizi zinaweza kupelekwa kwa idara nyingine, na kwamba anayetia sahihi kwenye uongo anaweza kutozwa faini au kufungwa.

"Yaani," Muthana akasema, "ili waache kunishuku, niwape kila kitu ambacho hawakuwa nacho."

"Ndiyo, baba."

"Na wasiporidhika?"

Ibtihal akaifunga kompyuta taratibu. "Watakuwa nacho."

Tazama mtego ulivyotegwa. Akiandika ukweli, anakiri kwamba uraia wake ulijengwa juu ya jina la kuazima, na anamkabidhi mzee aliyemlea mikononi mwa mwendesha mashtaka. Akiandika uongo, anautia sahihi. Asipoandika kitu, mama yake atakufa akitazama mlango wa wodi. Mtu hakuiba, hakuua, hakumtukana mtu. Hata kosa analoshukiwa hakuambiwa. Ila ni yeye anayetakiwa kuvua nguo kwanza, ndipo waliovaa waamue kama ni safi.

Kesho yake alikwenda kwenye mkahawa ambako mabaharia wa maziwa hucheza domino meli zikiwa zimelala. Habari ilikuwa imemtangulia. Shaif, mwenye mdomo mchafu kuliko wote, akasogeza kiti.

"Mpisheni huyo. Ndege zinamwogopa."

Wakacheka. Mwingine akamshauri kwamba wakimuuliza rangi ya macho aandike nyekundu, maana hajalala. Muthana naye akacheka, akanywa chai ya maziwa na iliki. Alipotoka, Shaif alimfuata nje kwenye theluji bila koti. Simu yake alikuwa ameiacha mezani, naye alihakikisha Muthana ameona kwamba ameiacha, isije ikawasikiliza.

"Mimi niliijaza hiyo fomu," akanong'ona. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni chote. "Wakanijibu kwa barua. Hawakubali, hawakatai. Mpaka leo sijui nimefutwa au nimeandikwa upya. Nikipiga chafya naangalia dirishani, ndugu yangu."

Akarudi ndani, na kupitia kioo Muthana akamwona ameshaanza mzaha mwingine.

Ilibaki kumwona ami yake. Nyumba ya mzee Naji ilitazamana na yake, ng'ambo ya barabara, nyuma yake mabomba ya kiwanda yakifuka moshi. Barabarani Muthana alimwita baba, kama makaratasi yalivyotaka. Mlango ukifungwa alimwita ami. Alimkuta anakula mchuzi wa nyama uliovikwa povu la uwatu, ungali unatokota kwenye bakuli la jiwe. Wakala pamoja bakuli moja mpaka mkate ukakaribia kwisha.

"Ami, wanataka majina yote."

"Yote ni mawili tu." Mzee hakuinua macho. "Moja nilikupa mimi. Unataka kulirudisha?"

"Mama anakufa, ami."

"Sote tunakufa. Ulikuja hapa unatetemeka, nikakuvika jina langu kama koti. Sasa umepata joto unalivua mbele ya polisi." Akausukuma mkate pembeni. Kisha akaeleza jambo ambalo Muthana hakupata kulisikia kwake hata siku moja. Enzi za Imamu aliyetawala Yemen, askari walikuja kijijini alfajiri kumchukua babu yake Muthana kwa ajili ya kodi. Walimtoa kitandani, wakamburuta mtaa mzima na nguo ya kulalia, wanawake wakiwa juu ya mapaa. Aliachiwa baada ya mwezi, mzima wa afya, akafa mwaka uleule. "Jela haikumuua," mzee akasema. "Ile nguo ndiyo iliyomuua."

Ruhusa hakutoa, wala hakukataza. Muthana alipofika mlangoni ndipo mzee alipomwita.

"Ukituma, uniambie. Nisije nikashtukizwa."

Siku mbili zilizofuata Muthana hakuwa mtu. Gari likiegeshwa mtaani alikariri namba zake. Akamkataza mkewe kufungua mlango, kisha akamlaumu kwa kutofungua, eti watafikiri tunaficha kitu. Mtu aliyevunja barafu katikati ya dhoruba akawa anaoga kwa maji ya kudondoka tu, ili asikie kengele ya mlango ikilia.

Ndipo Kairo wakapiga simu. Ni mama yake mwenyewe, sauti nyembamba kama uzi. Muthana alimweleza kwa kuzungukazunguka, bila kutaja mtu, kwa sababu aliamini kuna sikio la tatu kwenye ile simu. Akasema tu kwamba pale uwanjani waliuliza jina la Hajja, na yeye akashindwa.

Mama yake akacheka, kicheko kilichomchosha mara moja.

"Uliona haya kwa ajili yangu? Mwanangu, hapa manesi wananiita jina langu lote mbele ya wanaume, mbele ya wafagiaji, mbele ya muuza chai. Siku ya kwanza nilijifunika uso. Sasa naitika. Limeandikwa hapa, linaning'inia kwenye kitanda, miguuni kwangu. Liandike, uje."

Jioni, baada ya kuswali magharibi, alimwita Ibtihal na kompyuta yake. Alieleza yote na binti akaandika. Kilichotokea kaunta, barua, swali, ule ukimya na sababu zake zote mbili. Ibtihal alipofika kwenye majina mengine, Muthana akasema, Muthana Saleh, na kulisikia likitamkwa kwenye chumba chenye taa kulimtia baridi mgongoni. Kisha akafunga macho.

"Takiya," akasema. "Mama yangu ni Takiya binti Musleh."

Ibtihal aliacha kuandika. Umri wake wote alimwita Bibi Hajja.

"Ni jina zuri, baba," akasema, akaliandika.

Walipoituma ile fomu, hakikusikika kitu. Muthana alikuwa amejiandaa kwa mlio fulani. Akavaa koti na viatu. Akavuka barabara kumwambia ami yake, kama alivyoombwa. Akamweleza pia alivyosema Ibtihal, kwamba watu hawa hawaji upesi, majibu yao huchukua wiki, hata miezi, na kwamba atatafutwa wakili. Mzee Naji alisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua. Aliuliza swali moja tu, kama watakuja kwa mlango wa mbele au wa nyuma.

Asubuhi yake, kulipopambazuka, Muthana alisogeza pazia. Theluji ilikuwa imeanguka na mtaa ulikuwa mweupe wote, isipokuwa ngazi za nyumba ya ami yake. Hizo zilikuwa zimefagiliwa mpaka saruji ikaonekana, na chumvi imenyunyizwa ili mtu asiteleze. Kibarazani, kwenye kiti cha jikoni, alikaa mzee Naji. Alikuwa amevaa suti ya kahawia, ileile aliyoivaa siku ya kuapa uraia, na tai, na kofia ya sufu. Ndevu zilikuwa zimechanwa. Juu ya magoti alipakata mkoba mdogo, na mdomoni mwa mkoba ilichungulia pembe ya mswala na mfuko wa dawa zake za sukari.

Gari likatokea kwenye kona, likapunguza mwendo kwa sababu ya utelezi. Mzee akasimama. Akafunga kifungo cha koti, akaushika mkoba kwa mkono wa kushoto ili wa kulia uwe huru. Gari likapita, lilikuwa la mwokaji mikate. Akakaa.

Likatokea jingine. Akasimama tena.