Nilivyofunga upya kengele za upepo zinazomwongoza bibi yangu

Kra, kra, kra! Halafu moja ikabingirika barazani hadi kwenye ndoo.

Sauti hiyo ninayo masikioni mpaka leo, wakuu. Habari za humu? Mimi ni binti wa huku Ipyana, Kyela, na haya yamenitokea mwenyewe, chumvi sijaongeza.

Mlangoni kwetu zinaning'inia bomba nyembamba za chuma. Upepo wa ziwani ukipita, kibao cha katikati kinazigonga, zinalia. Wengine mnaita wind chime.

Kwa wengi ni pambo. Kwa bibi yangu ni njia. Macho yake yamefifia, akitoka jiko la nje anafuata mlio mpaka mlangoni.

Sasa uzi ukaoza, zikaanguka zote. Na baba mdogo alikuwa anakuja toka Mbeya. Alishasema akimkuta bibi hawezi kutembea mwenyewe, anaondoka naye.

Bibi hataki. Kokoa yake iko hapa, babu kazikwa hapa.

Nikasema hii kazi naiweza. Huku kwetu hakuna kisichofungwa kwa kamba ya mgomba, basi nikachana kamba, nikazifunga bomba katikati, nikakaza kweli kweli.

Zikalia tk, tk. Kama vijiko.

Bibi akacheka. "Mjukuu wangu, umezikaza kama kuku wa kupeleka sokoni Kasumulu. Kuku wa hivyo anawika?"

Nikafungua zote. Nikashika bomba moja kwa vidole viwili, nikagonga, nikasogeza vidole, nikagonga tena. Ukishika katikati, bubu. Ukishika karibu na juu, kama robo ya urefu wake, inaimba.

Nikaweka alama. Fundi baiskeli wa Bondeni akanitobolea tundu hapo kwenye alama, nikapitisha uzi wa nailoni wa kushonea nyavu. Ule hauozi. Ila msikaze, bomba inataka kupumua.

Baba mdogo akafika. Na upepo nao ukagoma siku hiyohiyo!

Bibi kasimama mlango wa jiko, hajui aelekee wapi. Baba mdogo akaanza kuinuka akamfuate.

Nikamwomba amalize kwanza chai. Nikafunga uzi mrefu kwenye kile kibao cha katikati kinachogonga bomba, nikaupitisha juu kwa juu hadi nguzo ya jiko, ncha nikamwekea bibi mkononi.

Akavuta. Zikaimba. Akasikiliza, akavuta tena, akaja moja kwa moja.

"Mama, kumbe unaniona?"

"Wewe sikuoni. Nasikia mlango wangu. Sogea nikae."

Baba mdogo alirudi Mbeya na mkungu wa ndizi. Bibi kabaki.

Nilichojifunza: kitu cha kulia hakitaki kukazwa, na upepo ukigoma, vuta uzi. Mimi naota kuzitengeneza hizi kwa kila nyumba yenye mzee, hadi Matema kule. Nyie wenye wazee wa macho hafifu mnawasaidiaje? Mwageni ujuzi hapa, nasoma zote. Ndaga fijo, asanteni sana.

Siku ile, baba mdogo alipopotelea kwenye kona, niliingia jikoni peke yangu. Nikafumba macho, nikavuta uzi, nikatembea.