Shairi la Omari Nililoliharibu

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa moja kamili asubuhi nikamkuta Karani Mkuu mlangoni anatazama saa yake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia, akaniuliza kama nimekata kucha. Nilidhani ni utani. Haukuwa utani. Ofisi ya gazeti letu la Jembe la Mkondoa ilikuwa vyumba viwili karibu na stesheni ya reli Kilosa, nchi ikiwa imepata uhuru juzijuzi tu, na gazeti lenyewe halikupigwa chapa kiwandani. Tulilichapa kwa taipureta juu ya stensili, karatasi laini ya nta ambayo kila herufi huitoboa ili wino upite. Ukucha mrefu ukiigusa, ukurasa mzima umeharibika. Ukikosea herufi unapaka dawa nyekundu, unaipuliza ikauke, unapiga tena. Kisha stensili inafungwa kwenye mashine ya kurudufu na mtu anazungusha mpini hadi mkono ufe ganzi.

Nayaeleza haya kwa sababu mwezi uliopita vijana watatu wanaotunga mashairi walikuja nyumbani kwangu. Wanatunga vizuri, wanajisemea mambo yao ya ndani, namna mtu anavyopigana na nafsi yake mpaka akajikubali. Mmoja akaniambia, kwa heshima zake zote, kwamba wazee wa zama za Ujamaa hatukuwa na mashairi ya namna hiyo, tulijua kusifu tu. Nilikasirika hadi chai ikanishinda. Mashairi hayo yalikuwepo. Yalikuja ofisini kwa bahasha. Mimi niliyashika kwa mikono hii.

Karani Mkuu alipogundua kwamba baba yangu alinifundisha kuhesabu mizani, alinipa ukurasa wa ushairi. Mizani ni silabi. Shairi letu la kawaida lina mishororo minne katika ubeti, kila mshororo una vipande viwili, kila kipande mizani minane. Mwisho wa kila kipande kuna kina, silabi inayofanana na ya mshororo wa juu yake. Nilihesabu kwa kugonga vidole mezani, na anayekosea nilimrudishia shairi na barua ya kumweleza amekosea wapi. Wakulima wa Chanzuru, mafundi wa reli, walimu, wote waliniandikia. Karani Mkuu alikuwa mkali lakini alikuwa na haki. Shairi likiwa zima, alilipitisha, liwe la pamba au la mke aliyeondoka.

Kisha akastaafu, akaletwa Mhariri. Huyu alivaa suti ya Chou En-lai, ile ya Kichina ya vifungo hadi shingoni, iliyopigwa pasi ikasimama, na alikuwa na kalamu nyekundu mfukoni. Wiki ya kwanza alipitia jalada langu lote. Aliniita, akaweka mashairi kama ishirini upande mmoja wa meza.

“Bi Rehema, haya yote yanasema mimi, mimi, mimi,” alisema. “Tunajenga taifa la sisi. Shairi la mimi ni ubinafsi wenye vina.”

Niliyabeba nikayachoma uani, penye shimo la taka. Hakunishikia kiboko. Nilikuwa na kazi, na kazi niliipenda.

Miaka ya watu kuhamishiwa vijiji vya Ujamaa ilipoanza, nilihamishiwa Mikumi kufungua tawi: chumba kimoja kando ya barabara kuu, taipureta moja, na mimi. Nilikusanya habari na mashairi, nikayatuma Kilosa kwa basi kila Alhamisi. Huko ndiko Omari alikoniandikia. Alikuwa akipakia miwa kwenye malori Kidodi, mtoto wa kibarua wa reli. Barua yake ilieleza kwa ufupi kwamba yeye ni mwenye kigugumizi, kwamba alipokuwa shule alichapwa ili aseme haraka, na kwamba sasa amechoka kuuchukia ulimi wake. Shairi lilikuwa na beti saba. La kwanza nalikumbuka hivi:

Ulimi ulinigoma, tangu ningali mtoto,
Neno huja likakwama, kooni kama kokoto,
Nimeacha kuusema, kwa maneno ya mkato,
Ni wangu ukisimama, wangu ukiwa mzito.

Niligonga vidole mezani. Minane, minane, hakuna pengo. Nilikaa nalo asubuhi nzima. Nilikuwa na miaka thelathini, sijaolewa, watu wananisema, nami nilijisema zaidi yao. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuacha kujisema. Nikalituma Kilosa na kipande cha karatasi: naomba hili lipite.

Lilirudi limejaa wekundu. Mhariri aliandika kwamba mtunzi ana kipaji ila amepotoka. Mimi niondoe ulimi, niweke uvivu, na palipo “mimi” niweke “sisi”. Toleo lisitoke bila shairi hilo.

Sasa hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Ningeweza kulifanya vibaya. Ningeweza kuacha vina vikagongana, kila msomaji akajua limechezewa. Sikufanya hivyo, maana nilijivunia ufundi wangu. Nilifunga mlango nikaandika:

Uvivu umetuhama, wazee hata watoto,
Twasonga mbele kulima, hatuogopi uzito,

na kuendelea mpaka beti saba zikatimia. Chini nikapiga jina la Omari. Toleo likatoka.

Gazeti letu lilisomwa kwa sauti mikutanoni, kwa kuwa wengi walikuwa ndiyo kwanza wanajifunza kusoma. Huko Kidodi, mwenyekiti wa kijiji aliona jina la kijana wa kwao, akafurahi, akamwita mbele alisome mwenyewe. Omari hakuwa ameliona. Alipokea karatasi akijua anakwenda kusema maneno yake, akakuta uvivu. Alikwama kwenye neno la kwanza. Watu walingoja, kisha wakaanza kucheka, na mtu akapaza sauti kwamba huyu uvivu haujamhama, umemkalia ulimini. Jina hilo likamganda. Mtu aliyepakia miwa tangu alfajiri, wakamwita Uvivu.

Siku ya tatu alikuja ofisini Mikumi kwa lori. Alinisimulia yaliyompata mkutanoni kwa shida kubwa, kila neno akilisubiri, nami niliona aibu kumtazama na aibu kutomtazama. Kisha akasimama akasema shairi lake lote, beti saba, bila kukwama hata mara moja. Alipomaliza aliniuliza nani aliyebadilisha.

“Kilosa,” nikamjibu.

“Haya, dada,” akasema, akatoka.

Nililia, ndiyo, lakini kulia ni kazi rahisi. Nilipanda basi kwenda Kilosa nikamtaka Mhariri achapishe shairi la kweli na kumwomba radhi mtunzi. Aliniambia gazeti halimwombi radhi mpakia miwa. Nikamwambia basi ukurasa wa ushairi atafute mtu mwingine.

“Wewe ni mpiga chapa,” alisema. “Vidole vyako ni vya ofisi.”

Alininyang'anya ukurasa kabla sijauacha vizuri. Akanipeleka kwenye ripoti za mvua na mbegu, na huko nikapiga chapa hadi gazeti lilipokufa na mimi nikastaafu. Watu walinifanyia sherehe, wakanipa kanga na saa ya ukutani, wakasema sikuwahi kukosea herufi. Mhariri naye alizeeka akiheshimiwa. Hilo linaniuma mpaka leo, sifichi.

Vijana wale walipoondoka, sikuweza kutulia. Kesho yake nilikwenda Kidodi. Omari yuko hai, macho yamefifia, anaishi na mkewe karibu na mto. Nilimwambia kwamba siku ile nilimdanganya. Aliyebadilisha shairi ni mimi.

Alichukua muda mrefu kulitoa neno, mkewe akimngoja bila kumsaidia.

“Vina vilikaa sawa,” alisema. “Ndiyo maana hakuna aliyeniamini kwamba si langu.”

Sikuomba anisamehe, kwa kuwa niliona ningemwongezea kazi. Mkewe alituletea uji, na akasema kwamba mzee hakuandika tena hata mstari, lakini hajaacha kutunga; yote yamo kichwani, humsomea yeye. Omari akaanza. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, sauti imenyooka. Mkono wangu ukaingia mkobani wenyewe ukatoa kalamu. Mkewe aliiona, akamnong'oneza, naye akanyamaza.

Nikairudisha kalamu. Akaendelea hadi jua likasogea, na vidole vyangu nikavikalia ili visihesabu. Kwa hiyo msiniulize alisema nini. Nendeni Kidodi, ketini chini, mikono mitupu, mngojeni.