Damu Iliyofungiwa Ndani

Habari ilitoka Matungu ikiwa imeiva: mwanamke mmoja alimeza vidonge vya kuzuia hedhi, damu ikarundikana tumboni mwaka mzima, mpaka siku moja akisonga obusuma, ugali wetu, akapasuka. Mabati ya jikoni yaliokotwa Bukura. Niliamini yote, hata mabati. Mchana nilikuwa nachochea boila katika kiwanda cha sukari, jioni nasoma ngumbaru, darasa la watu wazima. Kwa hivyo katika boma letu sayansi yote ilikuwa mikononi mwangu.

Ubaya ni kwamba dada yangu mkubwa alikuwa anameza vidonge hivyo hivyo.

Kabla ya hapo, kila mwezi maumivu yalimkunja kama jani la muwa lililopitiwa na moto. Enzi zile miwa ililipa hata wavivu. Wanaume walinunua redio, kisha baiskeli, kisha wakaoa mke wa pili. Shemeji yangu alianzia hapo pa mwisho. Akamrudisha dada kwetu, akamwambia mama: "Nimewaletea mgonjwa wenu. Mimi nilioa mtu wa kupalilia."

Mama alimgeukia dada: "Umesikia?"

Daktari mjini Kakamega ndiye aliyeutaja ugonjwa, kwa jina refu kuliko foleni ya matrekta ya miwa: nyama kama ile ya ndani ya mfuko wa uzazi ilikuwa imeota nje yake. Akampa vidonge vya homoni, ameze kila siku bila kukatiza. Hedhi ingekoma, maumivu yangepungua. Na yalipungua. Dada akarudi shambani, akawa anapalilia huku akiwatania wakataji miwa hadi wanasahau mapanga yao. Sijawahi kuona mtu akifurahia jembe namna ile.

Lakini miezi ilipita bila hedhi, na ile habari ikatufikia. Mama akaniita. "Wewe unayesomanga, hii damu inaenda wapi?"

Nikachora boila kwenye vumbi la uani. Moto huku, maji huku, na mvuke ukikosa pa kutokea... nikapiga kofi moja, kuku wakatawanyika.

"Mwana wa mama," dada akasema, "mimi si kiwanda. Siumwi popote."

"Hata boila haiumwi. Inalipukanga tu."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaingia ndani, akavitoa vidonge, akavitupa chooni.

Hedhi ikarudi, na maumivu makali kuliko ya zamani. Dada alitambaa kutoka kitandani hadi mlangoni akiuma leso. Wanawake wa kwaya ya kanisa walikuja kushukuru Mungu. Mama akawachinjia ingokho, kuku wetu mnono, wakala wakimtazama dada. "Lia, lia, inatoka hiyo," wakamwambia. Mimi kila akipiga yowe nilitabasamu: presha inashuka.

Alipozimia tukampakia kwenye trela ya miwa hadi hospitali. Nilimweleza muuguzi, kifua mbele, jinsi tulivyomwokoa asipasuke. Muuguzi alimaliza kumfunika dada kwanza.

"Hakuna damu iliyokuwa inarundikana," akasema. "Ile dawa inazuia utando wa mfuko usijengeke, kwa hivyo hakukuwa na kitu cha kutoka. Alikuwa anaendelea vizuri. Haya maumivu mmemrudishia ninyi."