Koti Lililofika Uswisi Mara Kumi na Moja

Mke wangu Rambha hakuwahi kupita Mumbai, na huko kwenyewe alikwenda msibani. Koti lake limefika Uswisi mara kumi na moja.

Mimi ni fundi wa masanduku, hapa Nadiad, mji wa Gujarati. Natia zipu, nabadilisha magurudumu. Watu wa mtaa wetu wamekwenda ng'ambo kwa magurudumu yangu miaka arobaini, nami nimekaa kibarazani.

Koti tulilinunua kwa Watibeti wanaokuja kila baridi na sufu zao. Mwaka huo tulikuwa tumechukua pasipoti, twende Uswisi. Rambha alitaka kitu kimoja tu, kugusa theluji. Minara hakutaka, maduka hakutaka.

“Niiguse tu,” alisema, “halafu turudi nyumbani, nikupikie.”

Nikamwambia mwakani.

Alianza kuweka akiba kwenye kopo la biskuti. Mwaka wa kwanza akiba ikawa bati la paa. Mwaka wa tatu ikawa harusi ya binti yetu. Kila ilipokaribia kutosha, wenye kampuni za safari walikuwa wamepandisha bei. Baadaye yakaja maumivu ya magoti. Kila mara neno la mwakani lilitoka kinywani mwangu, na nililisema vizuri, kwa sauti ya mtu anayejua anachosema.

Koti likawa limetundikwa nyuma ya mlango. Wa kwanza kuliomba kwa safari ya Uswisi alikuwa Vimala, jirani wa mbele, anayemwita Rambha dada. Rambha alilitazama koti, akamtazama Vimala, akachukua sindano.

Lazima niseme kwa nini. Uwanja wa ndege wanapima sanduku. Mtu hawampimi. Na mtu wa kwetu hawezi kukaa siku kumi na tano Ulaya bila thepla zake, zile chapati za uwatu, na achari ya embe. Basi Rambha alishona mifuko minne kwa ndani, mipana kama foronya. Koti likameza kilo tatu na nusu.

Tangu hapo kila msimu wa safari, hata Mei jua likichoma mpaka mbwa wanalala mtaroni, mwanamke mmoja wa mtaa wetu hutoka nyumbani kwake amevaa koti la sufu hadi magotini, jasho linamtiririka, anatembea kama mjamzito wa miezi tisa. Hakuna anayecheka. Wote wamelivaa au watalivaa.

Kabla ya safari wanakuja kwa Rambha kupimwa. Analifunga koti vifungo, anawazungusha, anatoa maagizo.

“Maji msinunue. Mjini kuna bomba za mawe, yanatoka bure. Chooni wanatoza, kwa hiyo mwende hotelini kabla hamjatoka. Na usimpe mpishi anayefuatana na msafara achari yako, ataimaliza yeye.”

Vimala alimuuliza siku moja, “Dada, haya yote umeyajulia wapi?”

“Koti limeniambia.”

Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Ukiazima bakuli, unalirudisha na kitu ndani, hata kama ni vitumbua viwili. Koti nalo lilihesabiwa chombo. Likarudi na pakiti ya sukari ya hotelini. Likarudi na kisabuni. Tiketi ya gari la kamba la kupanda mlimani. Kijiko cha plastiki. Rambha alivitia vyote kwenye lile kopo la biskuti, maana lilikuwa na nafasi. Rupia zilitoka, sukari ikaingia.

Yeye kila mwaka aliwaambia jambo lilelile: “Mimi nileteeni theluji kidogo.” Nao walicheka, wakaleta sukari.

Amefariki Januari hii. Kifua, siku tatu. Alihisi baridi, mablanketi hayakutosha, nikamfunika koti. Ndiyo mara pekee alipolivaa.

Mei ilipoanza Vimala akaja. Alikaa kizingitini, akaniuliza kama nimekula. Kisha akatazama nyuma ya mlango.

“Shemeji, tunaondoka tarehe tisa.”

“Nendeni salama.”

“Nimekuja kwa ajili ya koti.”

“Haliendi.”

“Nimeshalipa safari.”

“Makoti yanauzwa, Vimala.”

“Makoti yanauzwa. Mifuko haiuzwi.” Alifuta uso kwa ncha ya sari. “Nimepika thepla mia na ishirini. Nitazitia wapi, masikioni?”

“Mwaka huu ule mikate yao.”

“Wewe unanitakia mabaya, mzee.”

Nikamwambia ndilo lililomfunika Rambha. Nikamwambia lina harufu yake bado. Sikupanga kusema hayo.

Vimala aliinuka, akalivuta koti karibu, akalinusa.

“Harufu hiyo ni ya uwatu,” alisema taratibu. “Ni ya thepla zangu, na za jirani yetu Kusum, na za mama yake Kusum. Ya dada imo humo humo. Unamtunzia nani? Nondo?”

Niliinuka nikalitoa msumarini. Sikulikunja, nikampa hivyo hivyo. Kisha nikatoa chupa ya chai iliyokuwa ya Rambha, ile niliyoitia kifuniko kipya.

“Sukari usilete,” nikasema. “Mwaka huu lete alichoomba.”

Aliitazama chupa. “Shemeji, itayeyuka.”

“Chupa inashika chai moto mpaka jioni. Baridi nayo itaishika.”

“Wewe ni fundi wa masanduku,” alisema. “Hukosei.” Akaondoka amekumbatia koti.

Siku kumi na tano zile nilibadilisha magurudumu ya watu na sikuwa na mawazo mengine. Huo ni uongo.

Alirudi mwisho wa Mei. Alikuja hata hajaoga vumbi la safari, koti mkononi, chupa kwapani. Akaviweka mbele yangu. Nikaiinua chupa. Nyepesi.

“Niliijaza,” alisema. “Juu kabisa mlimani, kwa mikono yangu, bila glavu. Mume wangu alinipiga picha akasema nimepata wazimu. Ilikaa salama mpaka uwanja wa ndege.”

“Halafu?”

“Sanduku lilikuwa limejaa chokoleti, kilo ishirini na tatu kamili. Nikaibeba mkononi. Yule kijana wa ukaguzi akafungua. Nikamwambia ni theluji. Akaniambia ni maji, mama. Nikachungulia, na kweli yalikuwa maji. Akasema maji hayapiti. Ninywe au nimwage.”

“Ukamwaga.”

“Nimwage maji ya dada?” Alinitazama kama nimemtukana. “Niliyanywa yote. Nimesimama pale, nimevaa koti lake, watu mia nyuma yangu wanangoja na viatu mkononi.”

Nilifungua kifuniko. Ndani pakavu. Yeye akaanza kutafuta kwenye mifuko ya koti, mmoja baada ya mwingine, akiomba radhi kwamba ameleta chombo kitupu.

“Acha,” nikamwambia. “Yalikuwaje?”

Vimala akafikiri. Alitaka kunipa kitu kizuri, niliona. Kisha akashindwa kunidanganya.

“Yalikuwa na ladha ya chai, shemeji. Ya tangawizi. Kama anayopika dada.”

Nililitundika koti msumarini. Kusum anaondoka Oktoba.