Michongoma Inayoishia Magotini

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu ungali umelala juu ya nyasi za chuo, na mkasi wa mtunza bustani unalia taratibu. Wanafunzi wanamwita Mama Kinyozi. Anapima tawi kwa goti lake, kisha analikata.

"Michongoma hii niliipanda kwa mikono yangu," anasema bila kuinua kichwa. "Iliponipita kimo nilijidai kweli."

Mwezi uliopita furaha hiyo iliingia nyongo. Kitindamimba wake, anayesomea uuguzi hapohapo, alikuwa akirudi bwenini jioni kutoka maktaba. Mtu aliyejibanza kwenye michongoma akamrukia na kumpora mkoba. Tangu hapo binti hakukanyaga maktaba jioni, na mitihani inabisha hodi.

Chuoni wengine walitaka ukuta, wengine walinzi zaidi. Msimamizi wa majengo akataka njia ionekane: taa zisizibwe na matawi, mabenchi yatazame njiani, michongoma ishuke hadi magotini. Anayepita aone, naye aonwe. Akaagiza mashine ya kukatia.

"Nikamwambia, baba, hiyo niachie mimi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

Siku ya kwanza alikata huku akilia, wala hakuona haya. Katikati ya matawi alikuta uwazi wa kumtosha mtu mzima, nyasi zimelala, maganda ya karanga yametapakaa. Akaketi chini palepale.

"Miaka yote nilikuwa nachonga nje, pakipendeza naenda zangu," anasema. "Ndani sikuwahi kuchungulia."

Binti alimwahidi kitu kimoja: michongoma ikiisha kukatwa, atajaribu tena, mara moja tu.

Leo tawi la mwisho limeanguka. Jioni, Mama Kinyozi anaketi kwenye benchi jipya, viatu kando, mkasi mapajani. Hewa inanukia majani mabichi. Anawaza kupanda maua mafupi ukingoni, ya kunukia tu, yasiyoweza kumficha hata paka.

Taa zinawaka. Mlango wa maktaba unafunguka, na kitambaa cha njano cha kichwani kinaanza kuelea polepole juu ya michongoma. Kinasita pale penye kona, kisha kinaendelea. Mama hapepesi macho.

Binti anafika, anaketi, anamwegemea bega.

"Mama, ulikuwa unaniona?"

"Tangu mlangoni, mwanangu."