Kofia ya Moshi Tuliyopepetea Uwele

Nakumbuka mchana ule moshi ulipopanda ngazi za nyumba yetu ya Majengo, na waliokuwepo ninawataja wote: mama mkwe wangu Foibe, binti yake Damari, yaani wifi yangu, aliyekuwa na mimba ya miezi saba, na mimi, niliyeolewa pale mwaka uliotangulia. Shemeji yangu Yona, mdogo wake Damari, alikuwa kazini, na mume wangu pia. Yona ndiye aliyetuletea ile kofia.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, mitumba ikaingia mjini kwa marobota. Sisi tulikaa juu, tajiri mwenye stoo ya mitumba alikaa chini. Yona alikuwa dereva wa mhandisi mgeni, na yule mgeni alipoondoka alimwachia kasha jekundu lililofungwa kwa utepe. Ndani yake mlikuwa na kofia ya plastiki ya kufunika kichwa kizima, yenye kikopo mdomoni cha kuchuja moshi.

"Nyumba ikiwaka, mmoja avae atoke," Yona aliniambia, Damari akiwa hayupo. "Lakini msiifungue sasa. Ikishatumika haiaminiki tena."

Mwanangu, tuliifungua. Uwele wa kwetu Chemba una vumbi linalowasha koo, nasi tulikuwa na magunia ya kupepeta. Tukaivaa kwa zamu msimu mzima, mimi na Damari. Mama Foibe alicheka hadi akakaa chini: "Jamani, mwanangu kaoa nzige!" Kisha tukairudisha kashani, tukabandika utepe vizuri, Yona asijue.

Siku ya moto tulisikia kelele chini stooni, mara moshi mweusi ukajaa ukumbini. Damari akaniuliza, "Wifi, kofia iko wapi?" Nikampa. Nilijua imechoka, kama Yona alivyoniambia, nikanyamaza. Kwa nini? Sijui. Labda nilidhani bado inafaa kidogo, labda niliona aibu. Nimejiuliza hadi nimezeeka.

Aliivaa akatembea wima, akiiamini. Mama Foibe alikuwa tayari kifudifudi: "Tambaeni! Hewa iko chini! Damari, lala chini!" Mle ndani ya plastiki hakusikia. Badala ya kwenda ngazi za uani akageukia jikoni, akaanguka. Mama akamdaka kifundo cha mguu, mimi mkono, tukamburuta ngazi zote hadi nje. Alipovuliwa kofia alikohoa sana, akaniangalia mimi, si mama yake: "Wifi, mbona hukuniambia?"

Mtoto alizaliwa mzima. Kifua cha Damari hakikurudi kama zamani mpaka alipotutoka.

Ninyi mnaopanga vyumba vya ghorofani, nisikilizeni. Chombo cha kuokoa roho kiacheni kimefungwa, kikae karibu na mlango. Kikiwa kimeguswa, semeni, hata kama mtagombezwa. Moshi ukija, ondokeni mapema, tambaeni, msirudi kuchukua kitu. Na mjue ngazi za kutokea kabla hamjazihitaji. Mungu awalinde mnapolala na mnapoamka, na vifua vyenu vibaki vyepesi.

Jambo moja bado linanichanganya. Majina yote ninayo, hata la yule tajiri, lakini wembe uliokata utepe naukumbuka mkononi mwa Damari. Yeye mpaka mwisho alisema ulikuwa mkononi mwangu. Wewe, mwanangu, uliyemsikia Damari akisimulia, kama nimekosea, nisahihishe ningali hai.