Aliyechora Mikono

Fundi wa mabango alikuwa na maoni juu ya kila filamu, na hakuna aliyemwomba. Wiki ile alitazama tatu na mke wake. Ya polisi aliiponda: mtu anakimbia mitaa saba na shati halijalowa jasho. Ya mapenzi, iliyomliza mke wake, aliipa alama mbili kwa kumi, kwa sababu mvua ilionekana wazi kuwa imetoka kwenye mpira wa bustani. Ya vita aliipenda, lakini hilo hakulisema. Kusifu kazi ya mtu mwingine kulimwia vigumu kuliko kupanda ngazi na ndoo ya rangi.

Jumamosi mke wake, karani wa maktaba, alirudi na kitabu kipya chenye picha ya Bwana Kalamu, mchora katuni ambaye hata wasionunua gazeti wanamjua. Maisha yake yote, kurasa mia tatu.

"Si yule mwenzako wa gazetini?" mke akauliza.

"Mwenzangu wapi? Mimi ndiye niliyemfundisha kushika brashi."

Hapo alitia chumvi, ila si nyingi. Miaka ishirini nyuma walikaa meza moja kwenye chumba cha uchoraji. Kalamu alijua kuchekesha, na nyuso zake zilivunja watu mbavu, lakini mikono ilimshinda kabisa. Vidole vilimtokea kama ndizi zilizokanyagwa. Basi kila jioni, kabla katuni haijaenda mitamboni, aliisukuma upande wa pili wa meza, na fundi akachora mikono. Inayoomba, inayoiba, inayonyoosha kidole. Jina chini ya katuni likabaki moja tu, la Kalamu. Siku fundi alipochoka, alitupa brashi akaondoka, akaanza kuandika "Nyama Safi" na "Usikojoe Hapa" kwenye kuta za watu. Nyumbani alisema mhariri alimwandikia barua tatu za kumbembeleza arudi, naye akakataa. Mke wake alilipenda sana hilo. Aliwasimulia hata wakwe.

Tangu hapo watu wote wa katuni za Kalamu hutembea mikono mfukoni, na wataalamu husema huo ndio mtindo wake. Fundi akilisikia neno mtindo, chakula humkwama kooni. Wivu huo aliulea kama kitinda mimba.

"Sitakisoma," akasema. Mke alipoingia tu kuoga, akakivamia.

Alikuwa anajitafuta. Utoto, akaruka. Ndoa, akaruka. Tuzo, akaruka huku amekunja uso. Alitaka mstari mmoja tu, unaosema mikono ile ilikuwa ya nani. Ukurasa wa mia na kumi na mbili akajikuta, kwa jina lake kamili.

"Mikono yote ya miaka ile aliichora yeye," Kalamu alikuwa amemwambia mwandishi. "Alinizidi. Nilimwonea wivu hadi usingizi ukanipaa. Alipoondoka nilifurahi. Baada ya mwezi alikuja mwenyewe ofisini kuomba arudishwe. Mhariri akaniuliza, nikasema hatumhitaji."

Fundi akarudia kusoma. Alinizidi. Furaha ilimpanda mpaka masikio yakawaka; alitaka kukimbia na kitabu hadi bafuni akagonge mlango. Kumbe yule naye alikuwa akikosa usingizi kwa ajili yake. Kisha macho yakashuka mistari miwili chini, naye akabaki amekaa. Safari ile ya kwenda kuomba hakuwahi kumwambia mtu. Hadithi yake ya barua tatu iliishia hapo, kwenye ukurasa uleule.

Mke wake akatoka bafuni, taulo kichwani.

"Eti hutakisoma."

"Nimepitiapitia tu."

"Umo?"

Sifa aliyoisubiri miaka ishirini ilikuwa chini ya kidole chake, imepigwa chapa. Akafunga kitabu.

"Simo."

Mke wake akamshika bega. "Nilijua. Watu wengine hawana shukrani kabisa. Jumatatu nakirudisha, na mimi sikifungui."

"Usikifungue," akasema fundi. "Hakina maana."